Fundi Sikio na Friji ya Nyumbani

Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi naongeza kwamba mke wa fundi friji hunywa maji ya vuguvugu. Nimeishi miaka thelathini na minne na mwanamume anayetengeneza friji za watu, na muda wote huo friji yetu ndiyo imekuwa ya mwisho kwenye foleni. Kuna wakati mlango wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli mwezi mzima. Nikilalamika, ananiambia, "Bibie, wewe si mteja." Kweli kabisa. Mteja angekuwa ameshatafuta fundi mwingine.

Lakini safari hii nilitaka friji ipone haraka, kwa sababu nilikuwa naondoka. Binti yetu mkubwa alikuwa amejifungua. Anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumapili nitakwenda, nikakae naye miezi sita. Nilipanga kumwachia baba yake vyakula vilivyogandishwa, kwenye vikopo vyenye majina ya siku, asije akaishi kwa mkate na chai kama mwanafunzi wa bweni. Mwanamke anayeondoka kwa hasira huwa haachi vikopo. Mimi hasira nilikuwa nayo, na vikopo nilivinunua vilevile.

Hasira yenyewe ilitokana na neno moja. Mwezi mmoja nyuma, mimi nikiwa kwenye cherehani yangu na yeye amekaa kizingitini akisafisha feni ya mteja, nilimweleza habari ya safari. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilidhani atauliza nitarudi lini, au atanuna kidogo, au atasema hata nani atamtafutia miwani yake. Nikasema yote tangu mwanzo hadi mwisho, nikanyamaza, nikamtazama. Naye akanitazama, akasema, "Sawa." Kisha akarudi kwenye feni yake. Hata mbuzi akiuzwa, mwenyewe humpapasa mgongo kwanza!

Nikajua nimechokwa. Na si siku ile tu. Kwa mwaka mzima hivi alikuwa amenibadilikia. Nikimwita kutoka chumba cha cherehani, haitiki. Nikimsimulia jambo, ananiitikia "sawa" au "ndiyo hivyo," hata kama nimemwambia jirani kavunjika mguu. Lakini muuza spea wa pale kwenye kona, mwenye sauti nzito kama pipa linaloviringishwa, akipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, mume wangu anamsikia, anamjibu, na kicheko juu. Mimi niliye hatua tatu, hapana. Sauti yangu ni nyembamba, nakiri. Mama yangu alikuwa akisema nikiita watu, wanakuja vifaranga. Lakini alinioa na sauti hiyohiyo.

Niseme kidogo alivyo, msije mkadhani niliolewa na jiwe. Ujanani alikuwa akibeba barafu kwenye kiwanda cha barafu, na huko fundi mmoja wa mitambo akamfundisha kwamba mashine haifi ghafla. Hulalamika kwanza, ila watu hawaisikilizi. Yeye akasikiliza. Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amekumbatia friji ya soda dukani tulikokuwa tukishona sare za shule, shavu limebanwa ubavuni mwa friji, macho kafumba. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema bila kufumbua macho, "Nyamaza kidogo, dada, kuna mtu anaongea." Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne akarudi, friji ikiwa nzima kabisa, akasema amekuja kuhakikisha. Alihakikisha kwa miezi minane, mpaka mwenye duka akamwambia ama anioe ama alipe kodi.

Wateja wakamwita Fundi Sikio, na jina hilo analipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Hata mita yake ya kupimia umeme anaisikiliza. Ni mita ya njano, imezungushiwa utepe kila pembe. Kioo chake kilipasuka zamani na hakisomeki, wala hakukibadilisha. Ukigusisha ncha zake mbili kwenye waya mzima, mita inalia tii. Waya ukiwa umekatika, inanyamaza. "Kioo cha nini?" huwa anasema. "Fundi anayesoma mita ni kama mpishi anayesoma chumvi."

Basi, friji yetu ikaanza visa. Juu, kwenye freza, vitu viliganda kama kawaida. Chini, maziwa yalichacha, na maji yakatuama chini ya droo ya mboga. Kila nikifungua mlango naona ukuta wa nyuma wa freza umeota barafu, kila siku nene zaidi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo maziwa yalikwisha kutuumiza. Jumatano asubuhi nikamwekea bisibisi juu ya sahani badala ya mkate. Ujumbe huo aliuelewa.

Alichomoa waya ukutani, tukatoa vyakula, akafungua kifuniko cha nyuma ndani ya freza. Mabomba ya baridi hayakuonekana hata moja. Yote yamezama kwenye barafu. Nikaenda kuchukua kisu.

"Weka kisu hicho," akasema. "Ukitoboa bomba, gesi yote inatoka, tunabaki na kabati."

Tukaweka masufuria ya maji ya moto ndani, tukatandika mataulo sakafuni, na huku barafu ikidondoka, akanieleza, kwa maana akiongea kazi yake huwa haachi. Friji za namna hii hutengeneza barafu kidogo kwenye mabomba kila siku, halafu hujiyeyusha zenyewe. Kuna saa ndogo inaitwa taima. Kila baada ya saa kadhaa inazima kompresa, yaani mota ya baridi, na kuwasha hita iliyo chini ya mabomba. Barafu inayeyuka, maji yanatoka kwa nyuma, mchezo unaanza upya. Barafu ikirundikana, feni haipati hewa ya kupeleka chini. Kwa hiyo mwizi ni mmoja wao: hita imekatika, au taima imekwama, au kile kidude kinachohisi baridi kabla ya kuruhusu hita iwake kimekufa.

Nikarudi kwenye cherehani. Yeye akaizungusha taima kwa bisibisi, kisha akapima hita, akatangaza kwa sauti kwamba imekufa, akaenda kwa muuza spea kununua nyingine. Akarudi, akaipima, akatangaza imekufa nayo. Akairudisha, akabadilishiwa. Alhamisi asubuhi akaipima ya tatu, kisha nikamsikia akisema peke yake jikoni kwamba dunia imekwisha, siku hizi wanauza mizoga kwenye maboksi mapya. Akaenda tena dukani. Muuza spea akaipima mbele yake na kumwambia ni nzima, naye akamjibu kwamba mita ya muuzaji siku zote husema anachotaka muuzaji. Alirudi na hita ileile mkononi, uso umevimba. Nyani haoni kundule, lakini wakati huo hata mimi nilikuwa upande wake. Nilishamwona muuza spea ni mwizi.

Mchana wa Alhamisi aliniita nimshikie tochi. Alitaka kuipima tena ile hita ya zamani, iliyokuwa bado mle ndani ya freza. Nikainama nikamulika. Akagusisha ncha moja upande huu, ncha ya pili upande ule. Mita ikalia tii.

Akaziondoa ncha, akatikisa kichwa. "Umeona? Imekufa."

"Nini kimekufa?"

Hakujibu. Nikamgusa bega, akageuka. "Nimekuuliza, nini kimekufa?"

"Hita."

"Mbona inalia?"

"Nini?"

"Mita! Mita inalia!"

Akanitazama kama nimemtukana. Akazirudisha ncha palepale, na safari hii macho yake yakawa usoni kwangu. "Sasa?"

"Inalia."

Akachukua ile hita mpya, akaigusisha. "Sasa?"

"Inalia hiyo nayo."

Mwishowe akagusanisha zile ncha zenyewe, moja kwa nyingine, ambapo mita lazima ilie hata ikishikwa na mtoto. Ikalia, mfululizo, jiko zima. Akaisogeza mita mpaka ikagusa sikio lake la kulia. Akaihamishia la kushoto. Nilikuwa nimemulika uso wake bila kukusudia, na niliona wazi kwamba hakuna kilichoingia, si huku wala kule.

"Bado inalia?" akauliza.

"Inalia, Fundi."

Akakaa kitako sakafuni, juu ya mataulo yaliyolowa. Hita mbili, zote nzima, ziko mbele yake. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, mzuri kweli, lakini ulimi ukakataa kuutoa. Nikazima tochi, nikakaa naye kwenye maji.

"Yule mama wa saluni," akasema baadaye. "Nilimwambia friji yake haifai tena kutengenezwa."

"Utarudi kwake."

Hilo alilisikia, kwa sababu alikuwa akinitazama. Ndipo jambo likanijia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Nikamgeukia nikamkabili.

"Nikikuita kutoka chumba cha cherehani, unanisikia?"

"Huwa unaniita?"

"Kila siku ya Mungu! Na nikikusimulia mambo, unasema sawa, unakuwa umesikia nini?"

Akasugua magoti yake. Kuna aibu ambayo mtu mzima huona tabu kuitoa hata kwa mkewe, nami nilimwacha aitoe kwa kasi yake. "Sauti za wanaume nazipata," akasema. "Kompresa naipata, hata kwa kiganja. Yako inakuja kama mtu yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Naona mdomo unakwenda. Ukisimama na kunitazama, najua zamu yangu imefika. Nasema sawa." Akafikiri kidogo. "Mara nyingi inafaa."

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa friji, na katikati ya kicheko nikaona ninalia. Mwaka mzima nimekula na mtu huyu nikidhani amenichoka! Nimemnunia, nimempa chai bila sukari kwa makusudi, nimemhukumu bila kesi. Nilijionea aibu, na nilimkasirikia upya, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi? Fundi Sikio?" akasema.

Nikapangusa uso kwa kanga. "Mwezi uliopita uliitikia sawa kwenye jambo kubwa."

"Jambo gani?"

Maana yake ni kwamba hakujua. Begi langu lilikuwa limejaa tangu juzi, lakini nyumba ya mshonaji ina mabegi ya nguo kila kona. Binti yetu alimwambia kwenye simu, naye akajibu, "Sawa, sawa, mbusu mtoto." Sasa ningeweza kumwambia na angesikia. Na hapo nikaogopa. Ile sawa ya kwanza haikuwa yake. Je, akisikia kila neno, halafu akasema tena sawa? Ya pili ingekuwa yake kweli, na nisingekuwa na pa kuipeleka.

"Tutengeneze friji kwanza," nikasema.

Jioni ile alirudishia kifuniko, akachomeka waya, tukaiacha igandishe. Alieleza kwamba kile kidude cha kuhisi baridi hakiwezi kupimwa kikiwa na joto. Kitaonekana kimekufa hata kama ni kizima. Lazima mabomba yapate baridi kwanza, kisha tuone.

Ijumaa asubuhi akafungua kijumba kidogo kwenye dari ya friji, ndani, kilipojificha taima. Akaingiza bisibisi kwenye kishikio chake. "Nitaizungusha polepole," akasema. "Ikifika zamu ya hita itatoa mlio, ta, mara moja. Hapo nisimamishe. Nikipitiliza kidogo tu, inarudi kwenye baridi, na tutakuwa hatujui kitu."

"Ndivyo ulivyofanya Jumatano?"

"Jumatano nilipitiliza kama basi lisilo na abiria."

Nikaingiza kichwa ndani ya friji, kati ya nyanya na chupa ya maji. Sikuwahi kuisikiliza friji maishani mwangu. Kompresa ilikuwa inanguruma kule nyuma, na feni ikivuma juu yake. Bisibisi ikazunguka kidogo, kidogo, kidogo.

Ta.

Nikampiga kofi pajani. Akaacha kuzungusha palepale. Kule nyuma kompresa ikanyamaza, nyumba ikawa kimya. Tukangoja. Nikahesabu mpaka mia na kitu, na ndipo nyuma ya kifuniko cha freza nikasikia tsss, kisha tena tsss, kama tone la maji kwenye pasi.

"Inachemka!" nikapiga kelele, nikigeuka ili auone mdomo wangu. "Matone yanaangukia kitu cha moto!"

Uso wake ukafunguka wote. "Hita nzima. Kidude kizima. Mwizi ni taima," akasema. "Saa imesimama, haifiki zamu yake mpaka isukumwe."

Tukaenda wote wawili kununua taima, na kuomba radhi. Mume wangu aliiweka ile hita mpya juu ya meza ya muuza spea na kusema, kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, kwamba mizoga ilikuwa masikio yake. Muuza spea hakucheka. Akasema, kwa ile sauti yake ya pipa, "Mzee wangu, baba yangu alianza hivyohivyo. Unadhani kwa nini nakupigia kelele barabarani? Sina wazimu." Akamwandikia kwenye kipande cha boksi jina la kliniki ya masikio. Mimi niliangalia sakafu. Muuza spea amejua, na mimi ninayelala ubavuni mwa mume wangu sikujua.

Taima mpya ikafungwa. Nikatoa chaki yangu ya kuchoria nguo, tukatia alama kwenye kishikio chake, ili tuone kama kweli inatembea. Tulikula chakula cha mchana, tukaosha vyombo, mimi sikuonja ladha ya chochote. Tulipofungua kijumba, alama ya chaki ilikuwa imesogea upana wa kucha.

Akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana.

"Friji imepona," akasema. "Haya niambie. Polepole."

Nikamwambia. "Jumapili naondoka. Nakwenda kwa binti yetu, kumlea mjukuu. Nitakaa miezi sita."

Macho yake hayakuachana na mdomo wangu. Nikanyamaza. Hapo ndipo zamu yake ilipokuwa ikifika kila siku, na niliisikia friji ikinguruma.

"Hapana," akasema.

Sijawahi kukatazwa jambo nikafurahi namna ile. Nilijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika.

"Miezi sita! Nitaongea na nani?"

"Tangu lini wewe unaongea?"

"Basi nitamsikiliza nani?" akasema, kisha mwenyewe akalisikia alilolisema, tukacheka mpaka kigoda kikalia. Tulikubaliana twende wote, wiki tatu, tukirudi tupite kliniki. Nilimpigia binti yetu nikamweleza. Akasema ni vizuri, kwa sababu friji yake nayo inavuja.

Vikopo vya chakula vilikuwa bado mezani, vimepangwa, vinangoja kugandishwa. Akachukua kimoja, akasoma kifuniko, akauliza kwa nini nimeandika siku. Nikamweleza, uso kwa uso, neno kwa neno. Alikishika muda mrefu. Jioni ile tulikaa tukakila wote wawili, na kilikuwa cha Jumatatu.